Rangi ya Manyoya na Hesabu ya Jogoo



Peleka sokoni kuku wawili wa uzito mmoja, mmoja mweupe pepe na mwingine mwekundu mwenye shingo ya dhahabu, uone nani atanunuliwa kwanza. Mwekundu atashikwa, atapimwa kwa mkono, atapulizwa manyoya ya kifuani, na bei yake itaanzia juu. Mweupe ataulizwa swali moja tu: "Huyu si wa kizungu huyu?" Mnunuzi ameshaamua kwa jicho kwamba nyama ni laini mno, mchuzi hautakuwa na ladha, na muuzaji ni mjanja. Na huenda huyo mweupe ndiye aliyezaliwa kijijini, akakua kwa panzi na mchwa, na mwekundu ndiye aliyetotolewa kwenye mashine pamoja na maelfu ya wenzake. Rangi ndiyo iliyotoa ushahidi, na mnunuzi ameusadiki bila kuuliza zaidi.

Kazi yangu leo ni kuizungumzia rangi hiyo: inatoka wapi, inarithiwaje, inatufaa wapi na inatupotosha wapi. Nina neno moja kuu, nami nalitanguliza mapema ili atakayesinzia asikose lake. Rangi ya manyoya huamuliwa na jeni chache, mara nyingine jeni moja tu. Idadi ya mayai, kasi ya kukua na uimara mbele ya maradhi huamuliwa na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo. Kwa hiyo mfugaji anayechagua kwa rangi hupata alichokitaka, tena haraka, ndani ya vizazi viwili vitatu. Na mengine yote, ambayo hakuyatazama, yanakwenda yanakotaka yenyewe. Kwa jicho tumekuwa mahodari. Kwa mizani na daftari bado.

Wazee wetu tusiwadharau hata hivyo. Mwambao na bara, kuku wa kienyeji hawakuwa kundi moja lisilo na majina. Yuko kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya. Yuko kidimu, ambaye manyoya yake yamejipinda na kusimama badala ya kulala mwilini. Yuko kibwenzi mwenye shungi la manyoya kichwani, kibutu asiye na mkia, njiti mwenye miguu mifupi, na kuchi, yule mrefu wa shingo na mguu, mgomvi, ambaye bei yake huwafanya watu watazamane. Majina haya ni ya maumbile yanayorithiwa, na mengi yao yanasimamia jeni ambazo wanasayansi wa leo wameziweka mezani na kuzisoma herufi kwa herufi. Mtu wa kwanza kumwita kuku "kishingo" alikuwa ameshaona kwamba shingo ile inajirudia kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hakuwa na darubini, lakini alikuwa na uwanja, na kuku walikuwa wakipita mbele yake kutwa.

Rangi nayo ilikuwa na shughuli zake. Mganga akiagiza kuku mweusi, hamtaki mwenye unyoya mmoja mweupe kwenye bawa. Tambiko moja litadai mwekundu, jingine mweupe asiye na doa. Mahitaji hayo yamekuwa yakichagua kuku wetu miaka nenda miaka rudi, ila yamechagua kinyume: kuku mweusi tititi akipatikana anauzwa, anachinjwa, kwisha, haachwi azae. Laiti waganga wangekuwa wafugaji, leo kila wilaya ingekuwa na koo yake safi ya kuku weusi.

Sasa tuutazame unyoya wenyewe. Kuku ana rangi mbili tu za kuchorea, melanini nyeusi na melanini nyekundu. Zinatengenezwa na seli maalumu zilizoko kwenye mzizi wa unyoya, nazo humwaga rangi kadiri unyoya unavyoota. Seli zikimwaga nyeusi mwanzo hadi mwisho, unyoya ni mweusi. Zikibadilisha njiani, unapata ncha au ukingo wa rangi nyingine. Zikimwaga na kuacha kwa zamu, unapata mistari. Zikikosekana au zikishindwa kazi, unyoya unabaki mweupe. Rangi ya kijivu ni nyeusi iliyozimuliwa, na manjano ya shingo ya jogoo ni nyekundu iliyopunguzwa. Ule mng'ao wa kijani kwenye mkia wa jogoo mweusi hautokani na rangi ya kijani. Ni mwanga unaocheza juu ya umbo la unyoya mweusi. Kwa hiyo tofauti zote mnazoziona uwanjani, za kanga, za madoa, za majivu, za kahawia, zinatokana na maswali matatu: rangi ipi, imwagwe wapi, na kwa kiasi gani. Kila swali lina jeni zake za kulijibu.

Babu wa kuku wote hawa ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Dume lake lina shingo ya dhahabu, kifua cheusi na mkia wa kijani. Jike lina kahawia ya majani makavu, lisionekane likiwa kwenye mayai. Yule jogoo mwekundu mwenye kifua cheusi ambaye kila kijiji kinaye, na ambaye watu humwita jogoo wa kienyeji hasa, amebaki na rangi za babu yake. Aliyefika kwetu kwa majahazi na misafara alikuwa na hizo hizo.

Sayansi ya urithi ina deni kubwa kwa kuku. Mwingereza William Bateson alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha kwamba kanuni alizozipata Gregor Mendel kwenye njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia, na mnyama aliyemtumia ni huyu huyu wa uwanjani. Taarifa yake aliyoiandika pamoja na Edith Saunders ilitoka mwaka 1902. Baadaye yeye na mwenzake Reginald Punnett walipandisha kuku wenye upanga wa namna mbili tofauti, wakapata vifaranga wenye upanga wa namna ya tatu ambao baba hakuwa nao wala mama. Siku hizi mwanafunzi wa kidato cha nne akichora jedwali la miraba ili kutafuta watoto watakuwaje, anachora jedwali la Punnett.

Chukueni mfano wa kuku wa kijivu, maana wengi wananiuliza habari zake. Mtu ana jogoo wa kijivu mzuri na matetea wawili wa kijivu. Anawafungia peke yao ili apate koo ya kijivu tupu. Vifaranga wakiota manyoya, nusu yao ni wa kijivu, robo ni weusi, na robo iliyobaki ni weupe waliochafuka, wenye madoa ya majivu hapa na pale. Anaamini ameibiwa mayai. Hakuibiwa. Ukijivu huu hupatikana kifaranga akipokea jeni ya kuzimua nyeusi kutoka kwa mzazi mmoja tu. Akiipokea kwa wazazi wote wawili, nyeusi inazimuliwa mpaka inakaribia kwisha. Asipoipokea kabisa, anabaki mweusi. Kwa sababu hiyo kuku wa kijivu wa namna hii hawezi kuwa koo iliyotulia, hata ukimfuga kizazi baada ya kizazi. Waingereza waliokuwa wakifuga Andalusia, kuku maarufu wa rangi hiyo, walihangaika naye kwa miaka mingi wakiwatupa weusi na weupe, mpaka Bateson na wenzake walipowaeleza kwamba wanaowatupa ndio wanaowahitaji. Mpandishe mweusi na yule mweupe wa madoa: vifaranga wote, kila mmoja, watakuwa wa kijivu.

Weupe nao una siri yake, na siri hiyo imewahi kugombanisha majirani. Kuna weupe unaotawala, ambao kifaranga anauonyesha hata akiupokea kwa mzazi mmoja. Ndio weupe wa Leghorn, kuku wa mayai. Kuna weupe unaojificha, ambao hauonekani mpaka kifaranga aupokee kwa baba na kwa mama. Kwa jicho hakuna anayeweza kuutofautisha huu na ule. Mpandishe jogoo mweupe wa namna ya kwanza na tetea mweupe wa namna ya pili, utapata watoto weupe, labda na kidoa cheusi hapa na pale. Wapandishe watoto hao wao kwa wao, na kati ya kila wajukuu 16, kwa wastani watatu watatokea na rangi: mweusi, mwekundu, yeyote yule aliyekuwa amefichwa chini ya weupe wa nyanya yake. Hapo ndipo jogoo wa jirani anaposingiziwa kuruka ua. Rangi haikutoka kwa jirani. Ilikuwa ndani ya banda siku zote, imezibwa mdomo.

Na sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa rangi inaleta faida ya fedha, tena tangu siku ya kwanza. Kila anayenunua vifaranga wa mayai anataka majike. Kifaranga wa siku moja haonyeshi jinsia yake kwa mtu wa kawaida. Wajapani walibuni ufundi wa kuitambua kwa kukagua tundu la nyuma, nao ni ufundi wa kusomea, vidole vyepesi na macho makali. Lakini rangi inaweza kuifanya kazi hiyo bure.

Binadamu wa kiume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana, X na Y. Kwa kuku mambo yamegeuka: jike ndiye mwenye mbili zisizofanana, Z na W, na jogoo ana Z mbili. Maana yake ni kwamba tetea ana Z moja tu, na hiyo Z yake humpa mtoto wake wa kiume. Binti hapati Z ya mama kamwe. Z yake inatoka kwa baba. Shikeni hapo, maana mengine yote yanafuata. Jeni kadhaa za rangi zimekaa kwenye Z. Mojawapo ni ile inayoamua kama nyekundu itabaki nyekundu au itafutwa na kuacha weupe wa fedha, na hiyo ya fedha hutawala ile ya dhahabu.

Mpandishe basi jogoo mwekundu wa Rhode Island na matetea weupe wa Sussex, wale wenye shingo na mkia mweusi. Baba hana cha kutoa ila dhahabu. Mama anatoa fedha yake kwa wana wa kiume tu. Vifaranga wakitoka kwenye ganda na kukauka, wale wenye vinyoya vya malaika vya manjano iliyopauka ni majogoo, na wale wa kahawia ni majike. Mtoto wa miaka saba anaweza kuwatenga. Ukiigeuza ndoa hiyo, jogoo wa Sussex kwa matetea wekundu, huambulii kitu. Wote watatoka na weupe wa baba yao.

Ipo na njia nyingine, na hii inaweza kufanyika kijijini kwa kuku mlio nao. Wengi wenu mnao matetea wa mistari, weusi waliokatizwa na mistari myeupe unyoya hadi unyoya. Jeni ya mistari nayo imekaa kwenye Z, nayo hutawala. Mchukue jogoo mweusi au mwekundu asiye na mistari, umpe matetea hao. Siku ya kutotoa, mnyanyue kifaranga mmoja mmoja, utazame utosi chini ya mwanga wa dirisha. Majogoo wana doa jeupe lisilonyooka kingo, mahali pale pale juu ya kichwa. Majike ni weusi mpaka utosini. Wakikua, majogoo watakuwa na mistari na dada zao watakuwa weusi. Na kwa kuwa jogoo wa koo safi ya mistari ana jeni mbili ilhali tetea ana moja tu, jogoo huyo huonekana amepauka kuliko dada zake. Wengi mmeliona hilo bila kujua sababu. Angalizo langu ni moja. Mbinu hii haifanyi kazi kwa kuku weupe, kwa sababu weupe umefunika kila kitu, na haifanyi kazi kama jogoo naye ana mistari.

Punnett alikwisha kuiona faida hiyo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipokuwa haba Uingereza na hakuna aliyetaka kulisha majogoo asiowahitaji. Mwishoni mwa miaka ya 1920, pale Cambridge, yeye na Michael Pease walikwenda mbele zaidi, wakatengeneza kuku ambaye vifaranga wake hutofautiana kwa rangi kizazi hadi kizazi bila kuhitaji koo mbili. Sisi hatuna haja ya kufika huko. Tetea wa mistari na jogoo mweusi wanatutosha.

Nimesema rangi. Lakini manyoya yana mengine makubwa kuliko rangi, na hapa nataka nimtetee kuku anayechekwa.

Kishingo hapendwi. Watoto humtania, na mnunuzi humshusha bei akidai anafanana na mgonjwa. Mshikeni mmoja mmtazame kwa makini. Kama shingo ni tupu kabisa, nyekundu kuanzia chini ya kidevu hadi kifuani, huyo amepokea jeni kwa wazazi wote wawili. Kama ana kishada cha manyoya mbele, chini ya shingo, mithili ya tai aliyoivaa bwana harusi, huyo ana jeni moja, na watoto wake kwa kuku wa kawaida watagawanyika nusu kwa nusu. Jicho peke yake linakupa jibu ambalo kwa jeni nyingine ungelisubiri mpaka wajukuu.

Jeni hiyo haiishii shingoni. Inapunguza manyoya ya mwili mzima, asilimia 20 hadi 30 kwa mwenye jeni moja, na karibu 40 kwa mwenye mbili. Kuku hatoi jasho. Joto lake analitoa kwa kuhema na kupitia ngozi iliyo wazi. Kuku mwenye manyoya machache hupoa upesi, na kuku aliyepoa anaendelea kula. Huko ndiko tofauti inakoanzia. Kwenye joto la pwani au la bonde, kuku wa nyama aliyejaa manyoya huacha chakula mchana, anakaa ametanua mbawa na mdomo wazi. Kishingo yuko kwenye chombo cha chakula. Na protini ambayo ingejenga manyoya inabaki kwa ajili ya nyama. Kwenye baridi ya Makete au Njombe faida hiyo inageuka hasara, na huko sitamshauri mtu. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Roslin, Scotland, walikieleza chanzo cha shingo hiyo tupu: kipande cha kromosomu kimehama na kubandikwa mahali pengine, na protini moja ya kuzuia vinyweleo kuota inatengenezwa kupita kiasi. Ngozi ya shingo ina hisia kali zaidi kwa protini hiyo, ndiyo maana shingo ndiyo inayovuliwa kwanza.

Jambo linaloniudhi ni hili. Wafaransa wanayo nembo ya ubora wa kuku, Label Rouge, na katika maeneo kadhaa kuku wanaouzwa kwa nembo hiyo, kwa bei ambayo mtu wa kawaida huko anaifikiria mara mbili, ni wa shingo tupu. Wazalishaji wao wana koo maalumu za shingo tupu wanazoziuza nchi za joto. Sisi tunayo jeni hiyo uwanjani, imeshazoea maradhi yetu na mwewe wetu, nasi tunampeleka kishingo jikoni kwanza kwa sababu hapendezi machoni.

Kidimu ni ndugu yake katika dhiki. Manyoya yake yamejipinda kwa sababu protini mojawapo inayoujenga unyoya imeharibika kidogo. Watafiti waliitaja jeni yenyewe mwaka 2012. Naye hupitisha hewa mwilini kuliko wenzake. Lakini usipandishe kidimu kwa kidimu. Robo ya watoto watapata jeni mbili, manyoya yao yatakuwa membamba na ya kukatika, na wengine watakuwa nusu uchi. Kidimu kwa kuku wa kawaida: nusu ya watoto watakuwa vidimu wazuri, na hakuna atakayeumia.

Kuchi nitampitia upesi, ingawa najua waliopo hapa kwa ajili yake tu. Ni kuku wa mwambao na visiwani kwa asili ya sifa zake, kisha akatapakaa bara. Vinasaba vya upande wa mama vilivyochunguzwa Tanzania vilimweka karibu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani, na hilo linatukumbusha kwamba Bahari ya Hindi ilibeba kuku kama ilivyobeba vyombo na vitambaa. Uzito wake ni mkubwa kuliko wa kuku wetu wengine. Kwa mayai si kuku wa kutegemea. Mwenye kutaka mayai asimnunue kuchi kwa sababu ya urefu wa mguu.

Nirudi sokoni, maana wenye mashine za kutotolea wameyajua haya yote kabla yetu. Kuku wa Kuroiler alitengenezwa India na kampuni ya Kegg Farms mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kaya za vijijini, naye kwa makusudi hakupewa rangi moja. Rangi za mchanganyiko humsaidia asionekane na mwewe, na humfanya mnunuzi amwone mwenyeji. Baadaye akaletwa Uganda, kisha yeye na Sasso wa Ufaransa wakajaribiwa Tanzania katika mradi mkubwa wa utafiti ulioongozwa na taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI. Ni kuku wazuri. Wanakua upesi na kutaga zaidi ya wetu. Kinachonisumbua kinatokea baadaye, pale mfugaji anapochagua jogoo mwekundu mwenye mvuto kutoka kwenye kundi la chotara hawa, akampa matetea wa chotara hao hao, akitarajia watoto watakuwa kama wazazi. Hawawi. Nguvu ya chotara hutokana na kukutana kwa koo mbalimbali, na nusu ya nguvu hiyo hupotea katika kizazi kinachofuata. Utaona wengine wakubwa, wengine wadogo, wengine hawalalii mayai kabisa. Rangi itakuwa nzuri vilevile, na ndiyo itakayomfanya achelewe kugundua.

Na sasa lile nililokuja kulisema hasa. Tunapenda kusema kwamba kuku wa kienyeji hajachaguliwa na mtu. Si kweli. Tunamchagua kila mwaka, na tunamchagua vibaya.

Fikirieni kaya yenye matetea kumi na mapora manne wa rika moja. Mgeni wa heshima amefika. Nani atakamatwa? Yule mkubwa, aliyekua upesi kuliko wenzake. Idi imefika, anakwenda wa pili. Ada ya shule, mnunuzi wa mjini amekuja na tenga, anashuka wa tatu, kwa kuwa ndiye mwenye bei. Anayebaki ni yule mdogo, aliyechelewa, ambaye hakuna aliyemtamani. Huyo ndiye atakayepanda matetea wote kumi, na nusu ya damu ya kila kifaranga wa mwaka ujao itakuwa yake. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Rudieni hivyo miaka 20, kisha mlaumu kuku wa kienyeji kwa kuwa wadogo.

Hapo haihitajiki fedha wala mashine. Pima mapora wote wakiwa na umri mmoja, kwa mizani ya dukani kama ipo, kwa mkono kama haipo. Mwenye kuongoza mtie pete mguuni, ya plastiki au ya uzi wa rangi, na familia nzima ijue kwamba huyo haliwi. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi naomba na kuku mwenyeji naye apate alama yake. Matetea pia: yupi ametaga mayai 15 na kuyatotoa 12, yupi ametaga saba akayaacha. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha kaya nzima kwa miaka. Ukibadilisha jogoo, ngoja wiki tatu kabla ya kuweka mayai ya kutotolesha, maana tetea huhifadhi mbegu za jogoo wa zamani kwa wiki mbili hadi tatu, na kifaranga unayemsifia anaweza kuwa wa yule uliyemla. Usimwache jogoo apande binti zake. Kaka na dada wakizaliana, mayai hayatotoi vizuri na vifaranga wanadhoofu. Nyumba tatu zikubaliane: jogoo wa kwangu aende kwako, wa kwako aende kwa mwenzetu, wa mwenzetu aje kwangu, kila mwaka. Na chanjo ya mdondo isikosekane, kwa sababu mdondo hausomi daftari la mtu. Ukipita, umefuta kazi ya miaka kwa wiki moja.

Je, rangi tuiache? Hapana. Ukishakuwa na majogoo wawili walio sawa kwa uzito na kwa afya, chagua mwenye rangi inayolipa sokoni, tena bila haya. Mteja ana haki ya kupenda anachokipenda, na kuku mwenye rangi nzuri anauzwa mapema. Kinachodaiwa ni mpangilio tu: mizani kwanza, shingo tupu ya kishingo pili kama unaishi kwenye joto, rangi mwishoni.

Sikukuu haziko mbali, na visu vinanolewa. Nawaomba jambo moja dogo. Nendeni nyumbani mkawatazame mapora wenu leo jioni wakirudi bandani, mkamtie pete yule mkubwa kuliko wote, hata kama ni kishingo, hata kama rangi yake haimpendezi mtu. Sikukuu ikifika, mchinje wa pili.